Amsterdam na Watoto Watatu: Mmeuliza, Najibu

Mwezi uliopita niliandika mstari mmoja tu, nikipita, kwamba Agosti tulipeleka watoto Amsterdam na kitu walichopenda kuliko vyote kilikuwa cha bure. Basi barua zikaanza. Wengine mnataka kujua hicho cha bure ni nini, wengine mnauliza pesa nilitoa wapi (hilo silijibu ng'o), na kuna wale mko na safari kabisa na mnataka kujua mshike wapi. Nimechagua barua tano. Lakini tuelewane, mimi si wakala wa safari, mimi ni mama wa Nakuru aliyepanda ngazi za watu na mtoto mgongoni, kwa hivyo nitasema nilichoona.

*Anti, habari za siku. Naishi hapa Section 58, niko na watoto watatu, wa miaka saba, wa minne na kitinda mimba wa miezi kumi. Dadangu ameolewa Amsterdam na ametualika, anasema nisijisumbue na mambo ya hoteli tutalala kwake, ako floo ya tatu. Sasa mzee wangu ameshika kalamu amepanga siku nane: Amsterdam siku tatu, Brussels moja, Paris tatu, halafu turudi. Kila siku ameweka vitu vinne vitano. Nikiangalia hiyo karatasi natokwa jasho na ndege bado sijapanda. Na hatujaamua kama ni likizo ya Aprili, Agosti ama Desemba. Niambie kitu kabla hajalipa tiketi.*
Mama wa Watatu, Nakuru

Mama wa Watatu, hiyo karatasi ipige picha uweke ya kucheka baadaye halafu uichane. Mzee wako sio mbaya, ni ramani ndiyo imemdanganya, manake Amsterdam hadi Paris kwa treni ya kasi ni masaa matatu na dakika ishirini hivi, na kwa mtu aliyezoea Nakuru Kisumu na matatu hiyo anaona ni kitu kidogo. Ni kidogo akiwa peke yake. Ongeza begi nne, kigari cha mtoto, pampers, chupa, mmoja analilia choo na mwingine kiatu kimebaki kwa siti ya treni, na ukumbuke kila ukihama mji unapakua na kupakia upya na kitinda mimba anaanza tena kuzoea pa kulala. Siku nane, mji mmoja. Kama roho ya mzee haitulii bila Paris, aende peke yake asubuhi arudi usiku, tena akienda mtapumua.

Likizo gani? Mimi ni Agosti bila kufikiria mara mbili. Aprili kuna tulipu, ndiyo, ile bustani ya Keukenhof kule Lisse hufunguliwa katikati ya Machi hadi katikati ya Mei tu na wanapanda vitunguu vya maua karibu milioni saba, ni kitu cha kuona. Lakini joto la Aprili mchana ni kama nyuzi 13 na mvua yao haina adabu, hainyeshi ikaisha, inakunyunyizia tu siku nzima. Fikiria baridi ya Molo saa kumi na mbili asubuhi, sasa iwe hivyo hadi jioni, na mtoto wa miezi kumi. Desemba ndiyo usiniambie kabisa: jua linachomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na saa kumi na nusu jioni limeshazama, watoto mtawaona kwa taa. (Ukienda mwanzo wa Desemba pia utakutana na sherehe ya Sinterklaas, mzee wa zawadi wa tarehe 5. Wasaidizi wake zamani walikuwa wazungu wamejipaka nyeusi uso mzima, midomo nyekundu. Amsterdam wenyewe wamebadilisha, siku hizi wanajipaka masizi kidogo tu mashavuni, lakini picha za zamani bado zipo, na mtoto wa miaka saba atakuuliza. Jiandae na jibu.)

Agosti joto linacheza kwa nyuzi 21, 22, sweta moja na jaketi ya mvua inatosha. Shida ya Agosti ni jua. Mwanzo wa mwezi linazama saa tatu na nusu usiku, na mtoto wako anajua kulala ni giza, sasa utamwambia nini? Wangu walikuwa wanaruka kitandani saa tatu wakiniambia "mama bado ni mchana" na walikuwa na haki. Dadako kama hana pazia nzito, beba leso mbili za kufunika dirisha. Ile shida nyingine watu wanaogopa, ya mwili kuchanganyikiwa masaa, hapo hamna neno: Agosti tunawapita kwa saa moja tu, Desemba mawili. Na ndege za moja kwa moja kutoka Nairobi kawaida huondoka usiku, ni masaa nane na kitu, watoto wanalala wanaamkia huko. Unapobuku omba kile kitanda kidogo cha kuning'iniza mbele ya siti, kitinda mimba wako bado anaingia kama hajanenepa sana. Na mtoke Nakuru saa sita mchana, sikutanii, kati ya malori ya Kinungi na hiyo barabara inavyopanuliwa kutoka Rironi, afadhali mkae uwanja wa ndege masaa manne mkila mayai ya kuchemsha.

Sasa nikwambie kitu ambacho hakuna mtu aliniambia. Unajua ukishuka pale Schiphol, uwanja wao wa ndege, unasimama chini ya bahari? Kweli kabisa, kama mita tatu chini ya usawa wa bahari. Ule uwanja wote ulikuwa ziwa, linaitwa Haarlemmermeer, wakalivuta maji kwa mashine za mvuke hadi likakauka mwaka 1852. Sisi hapa Ziwa Nakuru linapanda linameza geti na barabara na nyumba za watu, wenzetu walikunywa ziwa lao lote wakaweka ndege juu. Mzee wangu alisimama pale kwa mlango wa treni akaangalia chini kama anayetafuta samaki. Kutoka hapo hadi stesheni kuu, Amsterdam Centraal, ni dakika kumi na tano na watoto chini ya miaka minne hawalipi.

Lakini hayo maji ndiyo nataka tuzungumze, tena uketi chini. Ule mji una zaidi ya kilomita 100 za mifereji, mpaka kwa milango ya nyumba, na kwingi HAKUNA UKUTA. Hakuna reli. Barabara inaisha, jiwe moja, halafu maji, na ni meusi huoni chini. Siku ya pili tulikuwa mtaa wa Jordaan, barabara nyembamba, nyumba zimesimama kama vitabu kwa rafu, mimi nimeinua kichwa naonyesha kifungua mimba zile ndoano juu kabisa ya kila nyumba (ndoano ni za kuvutia kitanda na kabati kwa kamba zipitie dirishani, manake ngazi za ndani ni nyembamba haziwezi), mzee anapiga picha, na yule wangu wa miaka minne akaona ndege mweusi mwenye paji jeupe amejenga kiota ndani ya mfereji, matawi na makaratasi ya chipsi. Hakusema kitu. Alienda tu. Nilimshika kwa kofia ya jaketi na mguu mmoja ulikuwa ushapita lile jiwe, kiatu kimeinama mbele. Nilikaa chini pale pale kwa lami, miguu ilikataa. Rafiki yangu tuliyefikia kwake, tumetoka naye sekondari, akaniambia watoto wa huko wanafundishwa kuogelea mpaka wapewe cheti, na kwa cheti cha kwanza chenyewe wanaogelea wakiwa na nguo na viatu. Sasa mimi wangu maji wanajua ya beseni.

Kuanzia hiyo siku sheria ikawa: jaketi yenye kofia hata kama hakuna baridi, na yule wa kati anatembea upande wa nyumba, sio upande wa maji. Nilimfunga hata leso mkononi, watu wakitazama watazame.

Ya pili ni baiskeli. Usifikirie baiskeli ya mzee anabeba maziwa. Hizi zinakuja kasi, haziliii, zina njia yao yenye lami nyekundu-nyekundu, na sisi macho yetu yakiona mahali pazuri palipo tambarare yanasema hapa ni pa kutembea. Sio. Ukisimama hapo na kigari utasikia kengele na maneno ambayo ni afadhali huelewi. Wazazi wao wanabebea watoto kwa baiskeli yenye sanduku mbele, watatu, wanne, na shopping, na hakuna anayeshangaa. Binti yangu akasema "mama hii ni boda yao." Ndiyo mwanangu.

Na hiyo floo ya tatu ya dadako, muulize leo hii kama kuna lifti. Nyumba za zamani ngazi zake ni karibu ngazi ya kupandia dari, unashika kamba. Kigari kitabaki chini. Hapo ndipo leso inashinda kila kitu kilichowahi kutengenezwa kiwandani, mfunge mgongoni upande mikono ikiwa wazi. Wamama wa kule walinisimamisha mara mbili wakitaka kuona fundo.

Sasa mzee atauliza tutafanya nini siku nane. Kitu kimoja kwa siku. Asubuhi hicho kimoja, mchana mrudi mtoto alale, jioni uwanja wa michezo, basi. Viwanja vipo kila mtaa, na ile bustani kubwa ya Vondelpark ina vyake. NEMO, ile nyumba ya kijani imekaa kama meli inayozama karibu na stesheni, ni makumbusho ya sayansi ambayo kila kitu ni cha kushika, yule wa saba atakwambia umwache alale huko. Rijksmuseum, makumbusho yao makubwa ya sanaa, watoto wote chini ya miaka 18 ni bure, lakini usijidanganye kwamba watatembea na wewe ukisoma vibandiko: sisi tulienda moja kwa moja kwa ile picha kubwa ya walinzi ya mchoraji Rembrandt, ya mwaka 1642, tukawaambia watafute mbwa (yuko chini kulia), wakampata, wakachoka, dakika arobaini zote. Bustani ya nje ni bure na tulikuta maji yanaruka kutoka ardhini watoto wanakimbia katikati, hapo tulikaa masaa mawili, beba nguo za kubadilisha. Ikinyesha nendeni ile maktaba kubwa ya umma, OBA, karibu na Centraal, floo nzima ya watoto, hakuna anayekuuliza senti, na vyoo viko. Nataja vyoo kwa sababu mjini choo unalipa, karibu yuro moja, na yuro sai inacheza kwa shilingi 150 hivi, na mtoto aliyefundishwa potty juzi haelewi mambo ya bajeti.

Nyumba ya Anne Frank, yule msichana Myahudi aliyejificha humo wakati wa vita vya Hitler, wewe mwaka huu iache. Tiketi ni za intaneti tu, zinatolewa kila Jumanne za wiki sita mbele na zinaisha kama chapati za moto, ndani ni ngazi kali na vigari haviruhusiwi, na hadithi yenyewe si ya miaka minne. Mrudi yule mkubwa akiwa na kumi na mbili.

Na ARTIS, zoo yao ya tangu 1838. Ni nzuri, watu wanaisifu, lakini mimi nilisimama getini nikaona picha ya flamingo, nikakumbuka ninakotoka, nikageuza kigari. Watu wa Nakuru tulipe yuro kuona flamingo? Wacha wale waje kwetu.

Kile cha bure sasa. Nyuma ya Centraal kuna feri inavuka maji yanayoitwa IJ kwenda upande wa Noord, mchana na usiku, na hulipi kitu, wewe na baiskeli yako. Dakika chache tu. Mlango wa mbele unashuka kama mdomo, gaaa, unalala kwa gati, baiskeli zinamiminika, zingine zinaingia, mlango unainuka. Tulivuka mara nne. Nne! Tulifika upande ule, tukageuka, tukarudi, wakasema tena. Mzee alikuwa ameshikilia tiketi za boti ya mifereji, zile za watalii, tumelipa, na kwa hiyo boti wale wakubwa wote wawili walilala.

Tramu unagonga kadi ya benki ukiingia, na ukishuka UNAGONGA TENA, mimi siku ya kwanza nilisahau nikakatwa zaidi. Kila mtu na kadi yake, huwezi kugonga moja mara tatu. Huyo wa saba mnunulie tiketi ya siku ya mtoto, akitumia kadi anakatwa kama mtu mzima. Wa minne pia analipa, wangemkubali bure akiwa watatu, pole.

*Habari. Sisi tuko Kisumu, watoto wangu ni wa miaka 5, 8 na 13. Nimesikia viza ya Ulaya mtoto halipi, mwingine ananiambia kila mtu analipa na anatoa vidole. Ukweli ni upi? Na je, pasipoti lazima twende Nairobi?*
Baba wa Kisumu

Baba, wote wawili wamekudanganya nusu. Tangu Juni 2024 viza fupi ya Schengen, ile moja inayofungua nchi nyingi za Ulaya, ni yuro 90 kwa mtu mzima, yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na chini ya miaka 6 hakuna. Kwa hivyo wako wa 5 ni bure, wa 8 ni 45, na huyo wa 13 amehesabiwa mtu mzima hata kama bado anagombania rimoti. Pamoja na nyinyi wazazi wawili ni yuro 315, kama elfu 47 za Kenya, na kituo kinachopokea makaratasi kina ada yake juu. Pesa hiyo hairudi wakikataa, ujue. Vidole ni kuanzia miaka 12. Wewe kama ulitoa vidole chini ya miezi 59 iliyopita wanaweza kutumia vile vile. Mpakani nako kuna ule mfumo mpya ulioanza Oktoba 2025, wa kupiga picha ya uso na kuchukua vidole badala ya kugonga muhuri, watoto chini ya 12 ni picha tu, kwa hivyo foleni mpange na biskuti.

Makaratasi: fomu ya mtoto inasainiwa na wazazi wote wawili, na mzazi mmoja akibaki nyumbani aandike barua ya ruhusa. Cheti cha kuzaliwa mbele. Bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Kama mnafikia kwa ndugu Uholanzi, kuna fomu yake ya kuwakaribisha na kuwadhamini, na saini yake lazima ithibitishwe na manispaa ya mji wake, kwa hivyo mwambie aanze mapema maana ni karatasi yenyewe itasafiri hadi kwako. Mnaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na zisipungue siku kumi na tano kabla. Ukisikiliza mimi, peleka miezi mitatu kabla, Agosti watu wote wanataka. Unaomba kwa nchi mtakayokaa siku nyingi, ukishapata inakubalika nchi 29.

Pasipoti Kisumu mnamaliza hapo hapo, ofisi ya uhamiaji iko. Unajaza eCitizen, ile ya kurasa 34 ni shilingi 7,500, na mtoto lazima aende mwenyewe apigwe picha. Mvalishe nguo yenye rangi, shati jeupe litapotelea kwa ukuta. Iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku mnayotoka Ulaya, na kurasa mbili tupu.

*Mwanangu, mimi ni dani wa wajukuu sita, niko Kisumu. Binti yangu anaenda Uholanzi na watoto wawili kumwona kaka yake na wananitaka niende niwasaidie na watoto. Kaka yake anatamani chakula cha nyumbani. Nataka kubeba omena, aliya kidogo, mo, maembe, ndizi na unga wa wimbi. Binti yangu anasema nitafungwa. Na magoti yangu si mazuri.*
Dani, Kisumu

Dani, amosi sana. Hutafungwa, lakini tutoe vingine kwa begi. Aliya ni nyama, hata ikaushwe miaka kumi, nyama na vitu vya maziwa kutoka kwetu haviingii Ulaya kabisa, wanaogopa magonjwa ya mifugo kama ule wa miguu na midomo. Mo ni samli, hiyo ni maziwa pia, ibaki. Wakikupata navyo wanatupa mbele yako na faini wanaweza kukuandikia, na kuona mo yako ikienda kwa pipa itakuuma kuliko faini.

Lakini omena, Dani, beba! Samaki kwa matumizi ya nyumbani unaruhusiwa hadi kilo 20. Hao watu wanaopiga vita nyama ya kukausha hawana neno na omena. Ikauke vizuri, funga mifuko mitatu, moja ndani ya nyingine, halafu kwa mkebe wenye kifuniko, usiweke na nguo zako za kanisa. Ndizi pia zinaingia, na nanasi na nazi, zimeachwa nje ya ile sheria ya cheti cha mimea. Maembe hapana, hayo yanataka cheti. Unga wa wimbi beba. Asali hadi kilo mbili. Maziwa ya unga ya mtoto yaliyofungwa na kiwanda yanapita, chini ya kilo mbili. Mboga usihangaike, kusini mashariki mwa mji kuna mtaa unaitwa Bijlmer, Waghana wengi na watu wa Suriname, nilikuta unga mweupe na mihogo na majani ambayo sikuyajua jina lakini yakipikwa na karanga mtaelewana.

Magoti: mwombe mwanao atafute kitanda cha chini au alale yeye juu. Na pale uwanja wa ndege omba kiti cha magurudumu wakati wa kubuku tiketi, ni bure, usione haya, hata ile foleni utaipita. Binti yako atafurahi kuliko wewe kwa sababu anayekusindikiza wanampitisha pia.

*Anti swali fupi na tafadhali ficha jina. Nimeambiwa Amsterdam bangi na wanawake wa dirishani ni wazi wazi. Nitapita wapi na watoto?*
Kakamega

Jina limefichwa. Kwanza ujue neno: kwa Kiholanzi "coffeeshop" inauza bangi, hiyo ndiyo kazi yake, na kahawa unakunywa pale palipoandikwa "café" au "koffie". Mimi nilikuwa nimeshika mlango wa moja nikitafuta chai ya maziwa na watoto wawili nyuma, harufu ikanisalimia kwanza. Ile mitaa ya madirisha inaitwa De Wallen, iko kati kati kabisa, karibu na Centraal, kwa hivyo ukitoka stesheni unaelekea mjini usikatie kushoto jioni. Tangu Mei 2023 kuvuta bangi barabarani mitaa hiyo kumepigwa marufuku, ila harufu utaipata hata kwingine. Wangu aliuliza ni nini kinanuka, nikasema ni majani ya watu wazima, akaendelea na chipsi zake. Chipsi ni za karatasi na mayonezi juu, wewe nunua, kule mayonezi inawekwa kama sisi tunavyoweka kachumbari. Na asubuhi usishangae, wanapaka mkate siagi wakanyunyizia chembe za chokoleti, na hicho ndicho kifungua kinywa cha mtoto, hagelslag. Tumerudi nazo paketi tatu na sasa nyumbani uji haunyweki.

*Mimi napakia waridi hapa Naivasha miaka kumi sasa. Kuna siku nitampeleka mtoto wangu huko aone maua yetu yanaenda wapi. Je, uliyaona?*
Msomaji, Naivasha

Niliyaona. Yako mengi yanashukia pale pale Schiphol, yanapelekwa Aalsmeer, ni jirani kabisa, kwa mnada mkubwa wa maua. Mwambie mtoto wako jambo hili atalipenda: mnada wao unaenda kinyume. Huku kwetu mtu anaita bei na mwingine anapandisha, kule saa inaanza na bei ya juu na inashuka, inashuka, na wa kwanza kubonyeza amenunua. Ukichelewa kidogo mwenzako amechukua, ukiharakisha umelipa zaidi. Yote yanafanyika alfajiri, na waridi lililokatwa kwenu juzi usiku huo linaweza kuwa liko kwa lori linaelekea mji mwingine.

Sisi tulikutana nayo supamaketi. Nilikuwa naenda kutafuta pampers, na kando ya mlango kuna ndoo nyeusi za maua, na binti yangu ambaye amejifunza kusoma juzi anasoma kila kitu, akashika karatasi ya plastiki akasoma polepole, Ke-ni-a. Akaniangalia. Kichwa cha waridi kilikuwa kidogo, kimefunga, rangi ya machungwa, vijiti vyote urefu mmoja kama vimepimwa na rula. Nikamwambia kuna mtu Naivasha amevipima. Akataka kujua kama mtu huyo anajua maua yamefika. Tulinunua, mzee akanung'unika kidogo kwamba tumesafiri masaa nane kuja kununua vitu vya Naivasha, rafiki yangu hakuwa na chupa ya maua tukayaweka kwa jagi ya maji dirishani, juu kabisa ya zile ngazi zake. Siku tulipofunga begi kurudi yalikuwa ndiyo sasa yamefunguka.